Ukisimama vaa, ukikaa vua

Alhamisi, Oktoba 1, 2020

Tangu Jumapili sauti ya yule kijana, mhudumu wa baa, haijanitoka masikioni. "Samahani, ukisimama unavaa. Ukikaa unavua." Ni barakoa hiyo, kwa sheria za korona za hapa England mwaka 2020.

Mjomba ndiyo kwanza anaingia pale baa tulipokwenda kula. Nikainuka kumwamkia, maana mkubwa haamkiwi umekaa, na barakoa nimeisahau mezani. Hatua mbili tu. Kijana akaja mbio na maneno yake. Nikamjibu kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu: "Kwani virusi vinawapata waliosimama tu?" Akanyamaza, halafu akasema taratibu, "Sikuziandika mimi." Nikavaa. Shikamoo ikafia kwenye kitambaa, Mjomba hata hakuisikia.

Hasira ile ilikuwa na mengi nyuma yake. Kifunguamimba tulimwacha nyumbani kwa kuwa mwisho wa kukutana ulikuwa watu sita, na hapa England watoto nao walihesabiwa. Kesho yake huyo huyo akakaa darasani na wenzake zaidi ya ishirini! Baa wakati huo zilikuwa zikifungwa saa nne usiku, basi saa nne na dakika tano wote wakimwagika barabarani kwa mkupuo, wamebanana kituoni. Ninaelewa kwamba huwezi kula umeziba mdomo, na kwamba anayetembea anapita karibu na meza za wengi. Lakini hilo nimelifikiria mwenyewe. Hakuna aliyetuambia. Tunapewa amri bila sababu, halafu tunashangaa watu wanapozichoka.



Jana usiku nikiwa zamu ndipo yakanirudi macho ya yule kijana wa baa. Sura yake yote ilikuwa macho, maana tangu Alhamisi ya Septemba 24, 2020 wahudumu nao walilazimika kuvaa, na mwajiri wake akikutwa na kosa faini iliweza kufika pauni 10,000. Nikakumbuka yule dada aliyekuja kumwona mama yake hapa kazini, akaomba amshike mkono walau dakika moja. Nilimwonyesha dirisha. Nikamwambia, "Sikuziandika mimi." Maneno yale yale. Yeye hakunipandishia sauti. Alilia tu, akampungia mama yake.

Jumapili nitapita pale nimwombe radhi.