Nilivyoisoma video ya Spring Day: jina la hoteli, treni, na viatu mtini

Video ya Spring Day, wimbo wa BTS, kundi la muziki la vijana saba wa Korea Kusini, ilitoka tarehe 13 Februari 2017. Kwa Kikorea wimbo unaitwa Bomnal, na ukiusikiliza juu juu ni wimbo wa mtu aliyemkumbuka rafiki wa mbali, anayengoja baridi iishe ili waonane. Niliupenda hivyo kwa muda mrefu. Theluji, treni, bahari, bembea isiyo na watoto, vijana saba wanaoonekana kutafutana: yote yalinigusa bila mimi kujua sababu. Mdogo wangu, ambaye ni ARMY kindakindaki (ndivyo mashabiki wa BTS wanavyojiita), ndiye aliyenichokoza. "Dada, unalia nini na hujui wanamlilia nani?" Kuanzia hapo nikaamua kuikalia ile video mpaka nijue.

Nilianza kwa kuzima sauti. Muziki ule ni mzuri mno. Ukiuacha, unakubeba na macho yanaacha kufanya kazi. Bila sauti, nikawa nasimamisha picha na kuandika daftarini kile tu kinachoonekana, bila neno hata moja la maana yake. V, mmoja wa wale saba, ameinama kwenye theluji kituoni, amelaza sikio kwenye reli. Jungkook yuko ndani ya treni. Jimin amekaa kwenye chumba cha mashine za kufulia. Mlima wa nguo. Keki yenye mishumaa na vijana wameizunguka. Bembea ya farasi wa kuzunguka, imefungwa utepe wa njano. Jengo lenye taa za maandishi: OMELAS. Viatu mkononi mwa Jimin ufukweni. Mwishoni mti mkavu uwandani, na viatu vimening'inia.

Kila ukurasa niliugawa safu tatu. Ya kwanza ni kinachoonekana. Ya pili ni kinachothibitishwa na jambo lililo nje ya video. Ya tatu ni makisio. Mtandaoni nadharia za video hii hazihesabiki, na nyingi huruka kutoka safu ya kwanza hadi ya tatu bila kugusa ya pili. Mtu anaona nguo, anaandika "kifo". Anaona reli, anaandika "kifo". Kwa njia hiyo kila kitu ni kifo, na video haijasema chochote.

Kilichonifungulia njia ni majina. Kiatu kinaweza kubeba maana yoyote unayotaka, lakini jina lazima mtu alichague, na akilichagua ana analokuelekeza. Katika kazi hii nilipata majina mawili. Moja liko kwenye picha, Omelas. La pili liko kwenye maneno ya wimbo, ambamo anayeimba anajiona yuko peke yake ndani ya Snowpiercer, treni ya kwenye theluji, akitamani kumshika mwenzake mkono na kuumaliza msimu wa baridi. (Tafsiri nyingine za mashabiki huliondoa jina hilo na kuandika treni tu. Kwa hiyo nashauri mtu ajifunze Hangul, herufi za Kikorea. Zinafundishika haraka kuliko watu wanavyodhani, na ukizijua unaweza angalau kuona jina linapopita.)

Omelas ni mji katika hadithi fupi ya Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1973. Ni mji wa raha tupu: sherehe, farasi, muziki, hakuna njaa wala mfalme. Ila raha yote hiyo imefungwa kwenye sharti moja. Chini ya jengo mojawapo kuna chumba kichafu, na ndani yake kuna mtoto mmoja aliyefungiwa, mwenye njaa na hofu. Wakazi wote wanajua. Mtoto yule akitolewa, raha ya mji itakoma siku hiyo hiyo. Wengi huumia moyoni, kisha huzoea. Wachache hushindwa kuzoea, na hao hutoka nje ya lango la mji na kuondoka, kila mmoja peke yake.

Snowpiercer ni filamu ya mwaka 2013 ya Bong Joon-ho, mwongozaji wa Korea Kusini. Dunia imeganda, na binadamu waliobaki wanaishi ndani ya treni moja isiyosimama, maskini nyuma na matajiri mbele. Shujaa anapigana behewa kwa behewa mpaka kwenye injini, na huko anagundua siri: kuna vipuri vya injini vilivyokwisha na havipatikani tena, kwa hiyo wanachukuliwa watoto wadogo wa mabehewa ya nyuma na kuwekwa chini ya sakafu wafanye kazi ya vile vipuri.

Niliziandika hadithi hizi mbili ubavu kwa ubavu na mkono ukasita. Zina kitu kimoja. Chini ya sakafu kuna mtoto, na walio juu wanastarehe kwa sababu yeye yuko chini. Waandaaji wa video wangeweza kuchukua jina la mji wowote wa hadithi na filamu yoyote yenye theluji. Walichukua hizi mbili zinazokutana hapo hapo. Kuanzia siku hiyo swali langu likabadilika, nikawa nauliza: mtoto wa wimbo huu ni nani?

Jibu liko kwenye ule utepe wa njano. Korea Kusini utepe wa njano una maana inayojulikana na kila mtu. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2014, feri ya Sewol, iliyotoka Incheon kwenda kisiwa cha Jeju, ilizama karibu na Jindo, kusini magharibi ya nchi. Ilikuwa na watu 476, na 304 walikufa. Kati ya hao, 250 walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya Danwon ya mji wa Ansan, waliokuwa kwenye safari ya shule. Meli ilipoanza kulala upande, matangazo ya ndani yalirudiwa: kaeni mlipo, msitoke. Wanafunzi walitii. Nahodha na baadhi ya mabaharia wakaokolewa mapema. Simu za watoto wale zilibaki na video na ujumbe waliowatumia wazazi, na Wakorea wengi wamezisikia sauti hizo.

Wanafunzi hao walikuwa wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, yaani wengi wao walizaliwa 1997. Jungkook, mdogo kuliko wote kundini, amezaliwa tarehe 1 Septemba 1997. Walikuwa rika moja. Nilirudi kumtazama ndani ya treni kwa jicho jingine kabisa.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuja hapa kwetu, na mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara. Nimekua nikijua sura ya watu wanaosimama kando ya maji siku baada ya siku wakisubiri jina litajwe. Kwa hiyo niliposoma kuhusu bandari ya Paengmok kule Jindo, ambako wazazi walikaa wakingoja, na ambako viatu vya raba viliwekwa kwa ajili ya watoto ambao hawajarudi, sikuhitaji nadharia yoyote ya kunieleza kwa nini Jimin anabeba viatu kutoka ufukweni. Sina ushahidi kwamba mwongozaji alikuwa na picha ya Paengmok kichwani, na daftarini nimeliweka hilo kwenye safu ya tatu. Lakini wimbo huo ulipotoka, watu tisa wa Sewol walikuwa bado hawajapatikana. Meli yenyewe ilikuwa bado iko chini. Iliinuliwa mwezi uliofuata, Machi 2017. Watu wanaongoja kwenye theluji, sikio likiwa chini kusikiliza kama treni inakuja: hivyo ndivyo ilivyokuwa hali halisi ya familia zile katika wiki ile ile ya Februari.

Jambo la majira nalo lilinichukua muda, kwa sababu huku kwetu hatuna baridi ya aina hiyo. Korea baridi ni Desemba mpaka Februari, kisha maua ya micheri huchanua kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Wimbo unaomba maua yafike. Lakini Sewol ilizama Aprili, maua yakiwa ndiyo kwanza yanapukutika. Anayengoja machipuko anangoja pia siku ya msiba izunguke tena. Nadhani ndiyo maana wimbo huu umedumu miaka na miaka kwenye chati ya Melon, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni ya Korea, na kwamba Aprili ikifika watu huurudia: una nafasi ya kutosha kwa ajili ya furaha ya msimu na kwa ajili ya kumbukumbu.

Mdogo wangu aliniuliza kwa nini hawakusema wazi tu. Hapo nililazimika kusoma habari za siasa, na nikafurahi nimesoma. Serikali ya Park Geun-hye, rais wa Korea Kusini wa wakati huo, ililaumiwa vikali kwa uokoaji wa Sewol, na baadaye ikafichuka kwamba ilikuwa na orodha ya siri ya wasanii wasiotakiwa kupewa msaada wa serikali. Miongoni mwa waliowekwa humo ni watu waliopaza sauti kuhusu Sewol. Bong Joon-ho, mwenye Snowpiercer, alikuwemo. Januari 2017 waziri wa utamaduni alikamatwa kwa kesi ya orodha hiyo. Februari wimbo ukatoka, una jina la filamu ya mtu aliyekuwa kwenye orodha. Tarehe 10 Machi Mahakama ya Katiba ikamwondoa Park madarakani. Siwezi kusema BTS walilitaja jina hilo kwa makusudi ya kisiasa. Ninachoweza kusema ni kwamba msikilizaji wa Seoul wa mwezi ule hakuhitaji maelezo marefu.

Ushahidi wa nje uliobaki ni huu. Januari 2017, kabla ya wimbo kutoka, habari za Korea ziliripoti kwamba BTS na kampuni yao walitoa won milioni 100 kwa familia za Sewol. Na mwaka 2020, walipoulizwa na jarida la Esquire kuhusu wimbo huu na ile ajali, Jin alikubali kwamba ni kuhusu tukio la huzuni, akaongeza kwamba ni kuhusu kumkumbuka mtu pia. Nalipenda jibu lake kwa sababu halifungi mlango. Kuna ubeti unaozungumza na rafiki aliyepotea kwa kubadilika tu, huku yu hai, na mtu mwenye msiba wa aina hiyo hana haja ya kufukuzwa kwenye wimbo kwa sababu tumegundua meli.

Sehemu ninayoijali kuliko zote ni mwisho. Nimesema kwamba wanaotoka Omelas huondoka mmoja mmoja. Le Guin anasisitiza upweke huo. Sasa tazama albamu yenye wimbo huu inaitwaje: You Never Walk Alone. Maneno hayo yamo ndani ya video pia, kwenye ile bembea yenye utepe wa njano. Video imelichukua jina la mji, ikakataa namna ya kuondoka. Vijana wanaanza kila mmoja peke yake, kituoni, ufukweni, kwenye mashine za kufulia, na mwishoni wote saba wako pamoja uwandani. Kwa Le Guin, kukataa raha iliyojengwa juu ya mtoto kunakutenga na watu. Kwa BTS, kunawakutanisha. Hiyo ni hoja kamili, imejengwa kwa majina mawili na mpangilio wa picha, na imewafikia vijana mamilioni ambao pengine hawatasoma hadithi ile.

Nilipomwonyesha mdogo wangu daftari, alilisoma lote kimya, kisha akaanza ubishi kwenye mlima wa nguo. Mimi ninauona pamoja na kazi ya Christian Boltanski, msanii wa Ufaransa ambaye mwaka 2010 alijaza ukumbi wa Grand Palais, Paris, malundo ya nguo za watu wasiojulikana, kila vazi likisimama badala ya mtu asiyekuwepo. Yeye hakubali.

"Dada, zile ni nguo za baridi," alisema. "Wamezivua. Maana yake baridi imekwisha."

Nilitafuta, sikupata neno la mwongozaji wala la mmoja wa wale saba la kuamua kati yetu. Nimeandika maelezo yote mawili, lake na langu, kwenye safu ya tatu.