Sarafu ipi uiweke, ipi urudishe kwa kondakta

Chenji ya daladala za Mwanza siku hizi ni mia, mia mbili na mia tano, na nyingi hazina thamani kwa wakusanyaji wa sarafu zaidi ya namba iliyoandikwa. Mia tano ya nyati ya mwaka 2014, ikishachakaa, ni mia tano tu. Iweke ikiwa bado inang'aa kama imetoka benki: pembe za nyati zimesimama wazi, shavu la Karume halijasagika, ukingo hauna kovu. Izungushe polepole chini ya mwanga wa pembeni. Mikwaruzo isiyoonekana ukitazama moja kwa moja hujitokeza hapo.

Shilingi ya mwenge ya 1966, au senti 50 yenye sungura, iweke hata ikiwa imechakaa kiasi, kwa sababu haitarudi tena kwenye chenji.

Kinachoharibu zaidi ni kusafisha. Majivu, ndimu na stilwaya hung'arisha lakini hukwangua uso wa sarafu, na mkusanyaji huligundua hilo papo hapo. Sarafu iliyotoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba ikiwa na chumvi ya kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), iloweke kwenye maji safi, ubadilishe maji mara mbili tatu, kisha ikaushe kwa kugandamiza kitambaa laini. Usisugue!

Hifadhi kila moja kwenye bahasha ndogo kavu ya karatasi. Plastiki laini hutoa utando wa kijani, na selotepu huacha gundi. Unyevu wa ziwani nao haulali: tia kifuko cha kunyonya unyevu, kile cha kwenye boksi la viatu.