Mama, mbona muda unaongezeka?

Jana jioni binti yangu alikuwa anahamisha picha za kipaimara chake kwenye flashi. "Mama, mbona mwanzo ilisema dakika 4, sasa inasema 40?" Nikamwambia kompyuta inakisia tu. Akaridhika, akaenda kuoga. Mimi nikabaki nimekaa palepale.

Septemba 2017, upepo wa Dodoma umepamba moto na vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, taa moja ya seva yetu ikawaka rangi ya chungwa. Diski 4 za terabaiti 4 kila moja, RAID 5, mpangilio unaogawa data vipande vipande kwenye diski zote: ikifa moja, tatu zilizobaki hukokotoa kilichokuwa ndani yake. Nikachomoa iliyokufa, nikapachika mpya, seva ikaanza kujijenga upya. Kwenye asilimia 61, diski ya pili ikaanza kugonga. Tk, tk, tk, halafu kimya. Zote zilinunuliwa pamoja, zimezunguka miaka ileile, na kujenga upya hulazimisha kila diski isomwe mwanzo hadi mwisho. Nilipaswa kunakili kwanza, ndipo niguse chochote. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya miezi 7 nyuma.

Humo mlikuwa na sauti za wazee wa Mvumi, Bahi na Chamwino, wakisimulia Operesheni Dodoma ya 1971, walivyotolewa kwenye tembe zao na kupelekwa vijiji vya ujamaa. Mzee aliyezirekodi alikuwa amezunguka kwa baiskeli na kinasa sauti kwenye mkoba.

Mkuu wangu akauliza itachukua muda gani. Nikasema, "Kesho saa nne." Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuweza kumwambia sijui.

Ilichukua siku 11. Siku 2 kusubiri diski za kunakilia zije na basi kutoka Dar. Zile mbili nzima zikanakiliwa kwa saa 8 kila moja. Ile inayogonga ikala siku 6. Niliiwekea ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka, inaruka mbovu, kisha inazirudia moja moja. Siku ya kwanza ikapita asilimia 90, nikapiga vigelegele peke yangu. Siku 5 zilizofuata ziliishia kwenye hiyo kidogo iliyobaki. Umeme ulikatika mara mbili. Kwa kuwa programu huandika ilipofikia, iliendelea pale ilipoachia. Mwenzangu alishauri tuilazimishe seva iwake tu, tujaribu bahati. Nilikataa, kwa sababu ikiandika chochote juu ya diski zile, kilichofutika hakirudi.

Mzee alikuja kila jioni. "Shikamoo," nasema. "Marahaba, mwanangu." Anavuta kiti, anakaa karibu na mlango, kofia magotini, saa moja hivi, anaondoka. Hakuuliza muda hata siku moja.

Siku ya 10 nilizipanga zile nakala tatu kwa mfuatano wake, vipande vya kilobaiti 64, na mafaili yakajitokeza kwa majina yake. Mzee alikuwepo. Nikafungua moja bila kuchagua. Kwanza upepo kwenye kinasa sauti. Jogoo. Kikombe kinawekwa juu ya kitu cha bati. Kisha sauti ya bibi, nyembamba, haina haraka: "Mbukwenyi." Mzee akaitikia kwa Kigogo, kwa nguvu, kama mtu anayesalimiwa mlangoni. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Huyu tumemzika Machi," akasema.

Tukasikiliza. Bibi alisimulia lori, mbuzi waliobaki, jiwe lake la kusagia alilotaka kulibeba wakamkatalia. Alipofika kwenye jiwe, sauti ikakatika. Mkwaruzo, kimya, mkwaruzo. Sekta zile, visehemu vidogo vya diski, hazikusomeka. Iliporudi, alikuwa anazungumzia mvua.

Nikamwambia Mzee nitairudia sehemu ile, pengine siku 2 zaidi, pengine wiki. Diski ilikuwa imechoka. Kila jaribio lingeweza kuwa la mwisho, lakini nakala tulikuwa nayo. Akanyamaza muda mrefu.

"Alikuwa amesema nini hapo?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namwangalia mikono," akasema. "Sikumbuki maneno."

Nilijaribu siku 4 nyingine usiku, baada ya kazi rasmi kwisha na kopi kukabidhiwa. Hakikupatikana kitu. Diski ile ninayo hadi leo, kwenye droo ya chumbani, nimeifunga kwa kitambaa. Mara mbili nimehama nyumba nayo.

Binti yangu alitoka kuoga akakuta picha zimekwisha kuhama zote.