Toba ya Aliyeiba Kura

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Baada ya darsa ya Maghribi hapa Wete, Pemba, kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wakatoka. "Shekhe," akaniambia, "mtu alitumwa atumbukize kura zisizo zake, akatumbukiza. Leo anajuta. Anatubia vipi?" Sikumuuliza kama ni yeye. Nilimjibu kwa kadiri wakati ulivyoruhusu, na Ijumaa hii nataka tulizungumze kwa urefu, maana visiwani petu wanaolihitaji jawabu hili ni wengi.

Sharti za toba tumezisoma tangu chuoni: uache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia. Hizo tatu ni baina yako na Mola wako. Dhambi ikigusa haki ya mja, inaongezeka ya nne, nayo ni kumrejeshea mwenyewe haki yake au kumwomba akusamehe. Hapo ndipo mwizi wa kura anapokwama. Ukiiba mbuzi wa jirani, mwenye mbuzi anajulikana na bei yake inajulikana. Hata kama umeshamla, unaweza kwenda kulipa. Kura ikishaingia sandukuni haina jina. Uliyemdhulumu huenda ni bibi aliyepanga foleni tangu alfajiri na bakora yake, au mvuvi aliyeacha kwenda baharini siku ile ili apige kura. Huwajui, na wao hawakujui. Utamwendea nani?

Wala mtu asijidanganye kwamba kilikuwa kitu kidogo. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF akapewa 49.8. Tofauti haikufika kura 2,000 kwa Unguja na Pemba pamoja. CUF waliyakataa matokeo yale, na ubishi wake tumelala nao na kuamka nao mpaka leo. Mimi sikuwamo katika chumba cha kuhesabia, kwa hiyo sitamshuhudilia mtu nisichokiona. Ila hesabu ikiwa nyembamba kiasi hicho, aliyeongeza karatasi 20 katika kituo kimoja tu, wa upande wowote, ameushika mzani wa nchi nzima kwa mkono wake.

Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwauliza masahaba wanamjua nani kuwa ni muflis, yaani aliyefilisika. Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflis wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amemwaga damu ya mwingine, amempiga mwingine. Watagaiwa hao mema yake, na mema yakimalizika kabla ya deni, atabebeshwa madhambi yao. Kila nikiisoma hadithi hii nafikiria mtu aliyedhulumu jimbo zima. Wadai wake watapanga foleni ya namna gani?

Na deni hili halimhusu aliyeshika karatasi peke yake. Yuko sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, eneo dogo kabisa la utawala kwetu. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na ushahidi wake juu ya nani ni mkaazi wa shehia ndio mlango wa kitambulisho na wa daftari la wapiga kura. Kwa miaka mingi watu wamelalamika kwamba mlango huo hufungwa kwa kuangalia chama. Kijana amezaliwa hapa, nyumba ya mama yake inaonekana ukikaa barazani kwa sheha, sheha mwenyewe alikuwepo kwenye maziko ya babu yake. Anakwenda kuomba barua, anaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu anaambiwa hatambuliki. Muda wa kuandikisha unapita. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na hakuna karatasi ya kuonyesha mahakamani. Lakini Allah ametukataza kuficha ushahidi, na amesema mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Mtume alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa, akalirudia neno lile mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Sheha akumbuke hilo kabla ya kusema "simtambui".

Kisha wako waliotumwa kutisha. Majina yao yamebadilika kila uchaguzi, mara janjaweed, mara mazombi, watu wa kuziba nyuso na kupanda magari usiku. Aliyefunika uso watu wasimjue anaonekana na Asiyefichika kwake lolote. Na vitisho vimetufikisha mpaka kwenye damu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, Ijumaa na Jumamosi, watu walipinga uchaguzi wa Oktoba 2000, wakapigwa risasi Unguja na hapa Pemba. Tume ya Brigedia Hashim Mbita, iliyochunguza mauaji yale, ilihesabu waliokufa 31. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likasema si chini ya 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2020, mkesha wa kura ya mapema, chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilisema watu wameuawa kwa risasi hapa Pemba, na Polisi wakakanusha. Tuhuma kama hiyo haiondoki kwa kukanushwa wala kwa kurudiwa. Ilitaka uchunguzi ulio huru.

Wako wanaosema, "Mimi niliamrishwa." Dini yetu inaujua udhuru wa kulazimishwa, hata aliyelazimishwa kutamka ukafiri ameruhusiwa maadamu moyo wake umetua juu ya imani. Lakini wanavyuoni wamesema hakuna udhuru wa kulazimishwa katika kuua asiye na hatia. Na kuogopa kuhamishwa kituo cha kazi, au kukosa cheo, sioni kwamba kunafika kwenye ulazimisho unaotajwa katika fiqhi.

Nasi wa Pemba tusijitoe. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipoufuta uchaguzi mzima, alitaja miongoni mwa sababu zake vituo vya kwetu alivyosema kura zake zilizidi walioandikishwa. Wengi hawakumwamini, na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 CUF waliususia. Lakini kama yupo kati yetu aliyefanya hilo, dhulma yake haigeuki halali kwa kuwa ilikuwa upande wetu. Na lililofuata tulilifanya hadharani: watu walisusiana madukani, wakasusiana harusini, mpaka maziko yakabaguliwa kwa chama. Allah ametuambia chuki yetu kwa watu isitupelekee kuacha uadilifu. Muislamu kuacha kumzika Muislamu mwenzake kwa ajili ya bendera, hiyo nayo ni haki ya mja, na tunadaiwa.

Sasa kijana wangu anatubia vipi? Katika Surat Albaqara, baada ya kutajwa waliolaaniwa kwa kuficha bayana, yaani hoja zilizo wazi, wametolewa katika laana hiyo waliotubia, wakatengeneza, wakabainisha. Aya imeshuka juu ya waficha ujumbe wa Mwenyezi Mungu, nami naona inamgusa kila aliyefunika jambo ambalo watu wana haki ya kulijua. Kuomba istighfari chumbani peke yake hakumtoshi. Aseme alichokifanya mahali ambapo kusema kutasaidia: kwa wakili, kwa mahakama kama shauri bado lipo, kwa wazee anaowaamini kama hakuna njia nyingine. Aikatae kazi hiyo ikimjia tena mwaka 2030, na amzuie mdogo wake asitumwe. Kwa wale asiowajua, awaombee dua na awatolee sadaka kwa nia yao, kama wanavyuoni walivyoelekeza kwa mwenye deni asiyempata mdai wake. Na kama alipiga mtu, huyo anamjua. Aende kwake.

Viongozi wa CCM na CUF walisaini Muafaka, makubaliano yao ya amani, Oktoba 2001. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Tuliona kheri yake, tukasalimiana tena. Lakini viongozi wanaweza kugawana vyeo tu. Haki ya mjane hawana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake. Wajane wa mwaka 2001 tunaishi nao hapa Wete, Micheweni na Chake Chake, na mayatima wao sasa ni watu wazima wenye watoto. Wapo ambao hakuna aliyewahi kugonga mlango wao kuomba radhi. Maimamu wa misikiti yetu, walio na jamaa wa pande zote katika saffu moja, ndio wanaoweza kumshika mkono mwenye kujuta na kumpeleka. Ijumaa ijayo baada ya swala tutakaa na wazee tuanze na walio katika mtaa huu. Anayetaka kuja nasi aje.