Mtazameni kichanga mgongoni kabla hamjamvisha

Mama zangu na wakunga wa Unguja na Pemba, mlazeni kichanga kifudifudi mkague mgongo wote. Shada la nywele, uvimbe laini kama kinofu cha mafuta, au kishimo kilicho zaidi ya sentimita 2.5 juu ya tundu la haja kubwa: chini yake uti wa mgongo huenda umebanwa au umenaswa. Mtoto anaweza kunyonya vizuri kabisa, lakini mguu mmoja ni mlegevu, au mkojo unadondoka kila wakati. Hilo la mkojo hupuuzwa mno, na ni ishara kubwa.

Uvimbe ukiwa wazi au unavuja maji, ufunikeni kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha nailoni safi juu yake usikauke. Msipake binzari wala majivu, na msimkande hapo. Utando wake ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu; ukipasuka, vijidudu hupanda hadi ubongoni. Ombeni rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, siku hiyo hiyo, maana jeraha hutakiwa lizibwe ndani ya saa 48 hadi 72. Mnaovuka kutoka Pemba, mtoto alale kifudifudi au ubavu safari nzima.