Shamba Ambalo Hatukulinunua

Katibu wetu mpya, kijana aliyeamua kuingiza vitabu vyote vya kumbukumbu za chama chetu cha akiba kwenye kompyuta, alinipigia simu Jumapili iliyopita akitaka kujua maana ya mstari mmoja wa Machi 2008: "Ununuzi wa shamba umeachwa. Mwenyekiti amekataa kutia sahihi." Nilimjibu kwamba mwenyekiti alikuwa na sababu zake, jibu ambalo halikumtosha yeye wala mimi.

Mliokuwa Nairobi wakati huo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walikuwa wametia sahihi mkataba wa maridhiano mbele ya Harambee House tarehe 28 Februari, Kofi Annan akishuhudia, lakini maelfu ya waliofurushwa makwao walikuwa bado wanalala kwenye mahema. Sisi tulikuwa na michango ya miaka kadhaa iliyokaa benki bila kazi. Dalali mmoja, shemeji wa mwenzetu, akatuletea habari za ekari tano huko Bonde la Ufa, kwa bei isiyofika nusu ya ile iliyokuwa ikitajwa kabla ya uchaguzi. Masjala ya ardhi ilithibitisha kwamba hati haina deni wala zuio. Mweka hazina aliandika hundi, mimi nikatia sahihi, na iliyobaki ilikuwa sahihi ya mwenyekiti tu.

Tulikutana sebuleni kwake, Buruburu. Muuzaji alikuja mwenyewe, mzee aliyevaa koti la msaada lililomzidi mabega, akakataa chai, kisha akatoa hati miliki kutoka ndani ya pakiti ya unga ya kilo mbili iliyofungwa kwa mpira. Pembe moja ya hati ilikuwa imeungua. Aliiweka mezani na kuipapasa kwa kiganja mara kadhaa ili ile pembe iliyojikunja ilale, nayo ikawa inainuka tena kila alipoondoa mkono. Mwenyekiti aliitazama ile pembe kwa muda mrefu, kalamu akiwa ameishika tayari.

"Baba," akauliza, "shamba hili ungeliuza Novemba?"

"Novemba nilikuwa navuna mahindi, mama. Nani huuza shamba akiwa anavuna?"

Mwenyekiti akaifunika kalamu. "Basi mimi siwezi."

Mweka hazina alisema lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa akiliwaza: kwamba tusipolinunua sisi atalinunua mwingine, tena kwa bei ya chini zaidi, na kwamba mwenye mali ndiye aliyetutafuta wala hatukumlazimisha. Hakuna aliyeweza kumpinga. Mzee naye alimgeukia mwenyekiti, bila kupandisha sauti, akamwambia, "Mama, wewe utalala na roho safi. Mimi karo nitalipa na nini?"

"Tukukopeshe, baba."

"Mkopo nitaulipa kwa kuvuna wapi?"

Akaikunja hati, akairudisha ndani ya pakiti na kuizungushia mpira. Tulimchangia kidogo palepale, naye akapokea na kushukuru kwa adabu iliyotuchoma kuliko matusi. Wanachama wawili walijitoa kabla ya mwaka kwisha. Dalali aliniambia baadaye kwamba shamba lilinunuliwa mwezi uleule, kwa bei ambayo hakutaka kunitajia.

Miaka mingi nilidhani kwamba siku ile sheria ilikuwa upande wa mweka hazina, na kwamba mwenyekiti alikuwa na dhamiri yake tu. Kisha wakili mmoja akanionyesha kwamba Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ambayo iko tangu 1967, inaitaka bodi ya ardhi ikatae kutoa kibali iwapo masharti ya mauzo, pamoja na bei, yanamwonea waziwazi mmoja wa wahusika. Nilimpelekea mweka hazina habari hiyo nikiwa na furaha kidogo, nakiri. Alicheka. Bei inayoandikwa kwenye fomu na bei inayolipwa, alisema, ni ndugu wasiosalimiana.

Naamini mwenyekiti alifanya sawa. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba gharama ya uamuzi wake haikumwangukia yeye; ilibebwa na mtu ambaye hata nauli ya kurudi hemani tulimpa sisi. Wala siwezi kusema angepaswa kutia sahihi, kwa maana mkono ulikuwa wake, na sijui ni nani awezaye kumwamuru mwenzake aandike jina lake mahali roho inapokataa.

Miaka mitatu baadaye chama kilinunua ploti Kitengela katika mnada wa benki, kwa bei nzuri mno, na mwenyekiti alitia sahihi bila kuuliza neno. Tulipokuwa tukishuka ngazi nilimkumbusha yule mzee, nikamuuliza kama mwenye ploti hii naye hakuwa na karo ya kulipa.

"Bila shaka alikuwa nayo," akasema. "Lakini huyu hatukumwona."