Taa nyekundu ya LOS kwenye ruta ya faiba: angalieni rangi ya ncha

Hapa Nyegezi, Mwanza, taa ya LOS (inayoonya kuwa mwanga wa faiba haufiki kwenye ruta) ilikuwa ikiwaka na kuzima ovyo. Nikazima na kuwasha ruta, nikasafisha ncha (plagi) ya waya wa faiba kwa spiriti. Wapi! Nguvu ya mwanga ilisoma dBm -29, hafifu mno (namba ikikaribia sifuri ndivyo mwanga una nguvu).

Dawa ilikuwa rangi. Ncha ya ukutani ilikuwa ya bluu, ya waya wangu kijani. Zinaingiana vizuri tu, ndiyo maana hushtuki. Ila ya bluu uso wake hauna mshazari, ya kijani umekatwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaoakisiwa usiirudie leza. Zikikutana hubaki mwanya, mwanga unapotea. Nikaweka waya wenye bluu upande wa ukutani: -21, na taa ikazimika. Msichungulie ncha, leza hiyo haionekani lakini inaumiza macho.